Mpiga Picha wa Habari wa Kujitegemea Anaishije, na Picha Zake Mwenyewe Anazipiga Lini?

Swali: "Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 26, ninaishi Morogoro, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikipiga picha za harusi, sendofu na vipaimara. Nina kamera moja na lenzi iliyokuja nayo, na sasa ninaweka akiba ili ninunue lenzi ndefu. Ninatamani kuwa mpiga picha wa habari wa kujitegemea. Naomba unieleze mnaishije siku hadi siku, na mtu anayekimbizana na kazi za kulipwa anapata wapi nafasi ya kupiga picha zake mwenyewe, zile za moyoni?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali mawili, lakini kwa jinsi nilivyoishi katika kazi hii naona yana jibu moja, nami nitalitaja mapema lisije likapotea katikati ya maelezo. Ukisubiri siku isiyo na kazi ya kulipwa ndipo upige picha za moyoni, utasubiri hadi kamera ichakae. Picha hizo hupatikana kwa kurudi, bila kutumwa na mtu, mahali pale pale ambapo kazi ya kulipwa ilikufikisha mara ya kwanza.

Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, Mto Msimbazi ukafurika, makumi ya watu wakapoteza maisha na wengine wengi wakabaki bila makazi. Shirika moja la habari lilinipa kazi ya siku mbili. Nilipiga picha za watu waliokuwa juu ya mapaa, za magodoro yaliyoanikwa kwenye kingo za barabara, na za akina mama waliovuka maji wakiwa na watoto begani. Nikazituma, nikalipwa, na kwa upande wa shirika kazi ikaishia hapo. Wiki chache baadaye nilirudi Jangwani, eneo la makazi lililo katika bonde la mto huo, kwa nauli yangu. Maji yalikuwa yamekwenda, lakini kila nyumba ilikuwa na mstari wa tope ukutani, sawasawa kana kwamba umepigwa kwa rula, ukionyesha maji yalifika wapi. Nilimpiga picha mvulana mmoja akiwa amesimama kando ya ukuta wa kwao, na mstari ule ulikuwa juu ya kichwa chake kwa kiasi cha kiganja. Baadhi ya familia zilikuwa zimehamishiwa Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji upande wa kaskazini, nikazifuata huko kwenye mahema. Familia nyingine zilibaki bondeni au zilirudi bondeni, kwa kuwa riziki zao zilikuwa Kariakoo na nauli ya kutoka Mabwepande ingeimaliza riziki yenyewe.

Tangu hapo nimekuwa nikirudi. Nimempiga mvulana yule kando ya ukuta ule ule mara nne, hadi mstari ukawa usawa wa kifua chake. Nimepiga karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa pale pale Jangwani ikiwa imezungukwa na maji, na miaka ya karibuni nimepiga nyumba za bondeni zikibomolewa baada ya wenyewe kulipwa fidia, katika mradi wa bonde la Msimbazi unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Hakuna mhariri aliyeniagiza mfululizo huo. Hata hivyo, kila mvua kubwa inapokuja simu yangu huita, kwa sababu wahariri wanajua kwamba ninazo picha za miaka iliyopita za mahali hapo hapo na ninawafahamu watu wa pale kwa majina. Picha za moyoni ndizo zilizoniletea kazi nyingi kuliko tangazo lolote ambalo ningeweza kulilipia.

Sasa nikueleze siku yenyewe ilivyo. Huku kwetu jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima bila tofauti kubwa, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta giza huingia haraka mno. Mwanga mzuri ni ule wa tangu macheo hadi yapata saa mbili na nusu, kisha ule wa kuanzia saa kumi na moja alasiri. Katikati ya hapo jua liko utosini, macho ya watu hugeuka mashimo meusi chini ya kofia na mitandio, na rangi zote hupauka. Kwa hiyo mpiga picha wa Dar es Salaam anayelala hadi saa mbili amepoteza nusu ya siku. Mimi hupenda kuanzia Soko la Samaki la Feri, ambako boti huingia alfajiri na mnada huanza watu wakiwa bado wamevaa makoti ya usiku wa baharini. Ukija kupiga hapo, kumbuka kwamba Ikulu ya Magogoni iko jirani, na angalia lenzi yako inaelekea wapi, kwa sababu mlinzi hatajua kwamba ulikuwa unamlenga ndege aliyekuwa juu ya mtumbwi.

Kuanzia saa tatu kamera hurudi mkobani, na kazi inayofuata ndiyo wengi wasiyoitarajia. Ni kuchagua picha kumi kati ya mia nne, kuziandikia maelezo, kuzituma kabla bando halijaisha, kupiga simu kwa wahariri wa picha kuwapendekezea habari, kuandaa ankara, na kukumbushia ankara za miezi iliyopita. Nikijumlisha juma zima, muda ambao jicho langu liko kwenye kamera ni mdogo kuliko ule ambao vidole viko kwenye kompyuta. Ninakueleza hivi ili ujue mapema, maana nimeona vijana wenye jicho zuri kuliko langu wakiacha kazi kwa kudhani kwamba makaratasi ni dalili ya kushindwa.

Katika makaratasi hayo, maelezo ya picha ndiyo ninayoyapa uzito kuliko yote. Picha isiyo na maelezo sahihi si picha ya habari, hata iwe nzuri namna gani. Andika nani, anafanya nini, wapi, lini, na kwa nini yuko hapo. Andika jina la mtu na la baba yake kama anavyolitamka yeye, kisha mwonyeshe ulivyoliandika. Huniuma kila nionapo waziri ametajwa kwa majina matatu na cheo, na mama aliyepoteza nyumba ameandikwa "mkazi wa Jangwani". Mama huyo ana jina, na mpiga picha aliyesimama mita mbili kutoka kwake alikuwa na nafasi ya kumuuliza. Maelezo hayo yaingize ndani ya faili lenyewe kwa programu ya kuhariri picha, yasafiri na picha popote iendapo, pamoja na jina lako na mwaka.

Ninyi wapiga picha za harusi mnaingia katika kazi hii na akiba ambayo mara nyingi hamuijui. Umejifunza kusubiri machozi ya mama wa bibi harusi kabla hayajadondoka, umejifunza kupenya ukumbini bila kumkanyaga mtu, na umejifunza kwamba tukio halirudiwi. Jambo moja tu itakubidi uliache mlangoni: kuwapanga watu. Katika habari hutamwomba mtu arudie kulia, hutamsogeza mtoto karibu na dirisha, na hutaifuta nguzo ya umeme kwa kompyuta kwa sababu inaharibu mandhari. Shindano la World Press Photo, ambalo taasisi yake ilianzishwa Uholanzi mwaka 1955, huziondoa picha zilizoongezwa au kupunguzwa vitu, na mashirika ya habari huvunja uhusiano na mpiga picha kwa kosa hilo hilo. Kurekebisha mwanga na rangi kwa kiasi kunaruhusiwa. Kubadilisha kilichokuwepo hakuruhusiwi.

Kuhusu mwanga, kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vingi vya upigaji picha havilisemi vya kutosha. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikijumlishwa, vina wangavu wa kijivu cha wastani. Nenda ukapige sala ya Idi: mbele yako kuna mamia ya kanzu nyeupe, kamera itaona weupe umezidi, itaupunguza, na matokeo yake kanzu zitakuwa za kijivu na nyuso zitakuwa giza tupu. Hapo ongeza mwanga kwa hatua moja (stop), yaani mara mbili ya uliopimwa na kamera, au zaidi kidogo. Upande wa akina mama wenye mabuibui meusi kamera hufanya kinyume chake, na usipoupunguza mwanga, weusi wa buibui unapauka na nyuso zinaungua. Njia ya uhakika ni kupima mwanga wa uso wa mtu, kwa kuwa uso ndio uliokupeleka pale, na kuviacha vingine vifuate. Piga faili ghafi (RAW), lile ambalo kamera haijalichakata wala kulibana, badala ya JPEG peke yake, ili makosa madogo yaweze kurekebishwa baadaye.

Lenzi ndefu ninakushauri uiahirishe. Itakuweka mbali na watu wakati ambapo unahitaji kujifunza kuwa karibu nao, na bei yake inaweza kununua vitu vitatu vyenye faida zaidi kwako sasa: lenzi ya milimita 35 isiyo na zoom, diski mbili za nje za kuhifadhia picha, na betri ya akiba. Lenzi ya milimita 35 inakulazimisha utembee. Ukitaka uso, umsogelee mwenye uso, na ukimsogelea itabidi umsalimie. Nunua pia sanduku la plastiki linalofunga vizuri na vifuko vya kunyonya unyevu, hasa ukihamia pwani, kwa sababu hewa yetu ya unyevu na joto huotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu akishakula kioo fundi hawezi kukirudisha kama kilivyokuwa. Na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache kamera mkobani karibu nusu saa ipate joto taratibu. Ukiitoa papo hapo lenzi itajaa mvuke, nawe utalitazama tukio likipita.

Fedha sasa, kwa kuwa umeuliza tunaishije. Tunaishi kwa kuchanganya. Kazi za mashirika ya habari ya kimataifa hulipa vizuri kwa siku, lakini hazina ratiba; magazeti ya ndani hulipa kwa picha na hulipa kidogo; mashirika ya maendeleo huhitaji picha za miradi yao na mara nyingi ndiyo yanayolipa kodi ya nyumba. Usiache harusi. Nilipiga harusi kwa miaka sita baada ya kuanza kazi ya habari, na fedha za Jumamosi ndizo zilizonipeleka Mabwepande siku za Jumanne. Pata namba ya mlipakodi, kwa sababu taasisi kubwa hazitakulipa bila hiyo, na usishtuke ukiona asilimia 5 imekatwa kama kodi ya zuio, yaani kodi ambayo anayekulipa huikata kabla ya kukupa fedha zako. Dai hati yake na uitunze kwa hesabu za mwisho wa mwaka. Weka pembeni fedha za kuishi miezi mitatu, maana kuna wateja wanaochukua muda huo na zaidi kabla ya kulipa. Mteja mmoja alinizungusha mwaka mzima kwa kazi ya siku nne, na nilichojifunza ni kuomba nusu ya malipo kabla ya kuondoka nyumbani, na kuomba kwa maandishi.

Usome mkataba hadi mwisho, na utafute neno linalohusu hakimiliki. Kuna mikataba inayotaka uuze haki zote za picha zako, daima, kwa malipo ya siku moja. Ukiisaini, picha ya miaka kumi ijayo umeigawa leo. Mohamed Amin, mpiga picha wa habari Mkenya aliyekulia Dar es Salaam na kuanzishia hapa kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963, alipiga Mapinduzi ya Zanzibar, kisha mwaka 1984 picha zake na za wenzake kutoka Ethiopia zikaifanya dunia itazame njaa ya kule. Alifariki Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini kando ya Komoro, lakini hazina yake ya picha ilibaki pamoja, kwa sababu alikuwa ameimiliki na kuipanga. Mkenya mwenzake Priya Ramrakha, naye mpiga picha wa habari, aliuawa katika vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968 akiwa na umri wa miaka 33 tu; sehemu kubwa ya kazi yake ilikaa miongo kadhaa bila kuonekana, hadi jamaa yake alipoikuta imehifadhiwa katika gereji Nairobi. Huwa namfikiria Ramrakha kila ninapochoka kupanga mafaili usiku. Weka nakala mbili za kila kazi, katika nyumba mbili tofauti, na folda zako zianze kwa mwaka, mwezi na tarehe.

Kuhusu vibali, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka anayefanya kazi ya uandishi wa habari awe na ithibati, yaani idhini rasmi ya kuifanya kazi hiyo, na kitambulisho, na kanuni zake zinadai pia elimu ya fani hiyo. Ulizia mapema Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ili ujue unachopungukiwa, kuliko kuja kuulizwa na askari katikati ya tukio. Mtaani, kitambulisho pekee hakitoshi. Pitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji, eleza unachokifanya na utakaa muda gani. Msibani usitoe kamera kabla hujatoa pole, hujakaa mkekani na hujapata ruhusa kwa mwenye msiba. Watoto usiwapige bila ridhaa ya mzazi, na wagonjwa usiwapige bila ridhaa yao wenyewe.

Hatari ipo, na sitakuficha. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo mkoani Iringa akiwa kazini. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiripoti mauaji ya Kibiti, mkoani Pwani, alitoweka Novemba 2017 na hajaonekana tena. Asiye na ofisi hana pia dereva wa ofisi, bima ya ofisi wala mwanasheria wa ofisi, kwa hiyo lazima ajitengenezee watu wake. Mimi kila niendapo kwenye maandamano au eneo lenye vurugu, watu wawili wanajua niko wapi na nitapiga simu saa ngapi. Nikipitisha saa hiyo, wanajua wampigie nani. Kata bima ya afya kabla ya kununua kamera ya pili. Na uwe tayari kuikataa kazi. Nimewahi kukataa safari ya malipo mazuri kwa sababu mteja hakutaka kugharimia gari wala mwenyeji wa kutuongoza, na sijaijutia siku hata moja.

Kurudi kuna upande mwingine, nao ndio ninaoupenda kuliko yote: kuzirudisha picha zenyewe kwa watu. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2007, Boniface Mwangi, ambaye alizipiga akiwa mpiga picha wa gazeti, alizitoa picha hizo magazetini akazipeleka barabarani katika maonyesho aliyoyaita Picha Mtaani, yakazunguka miji ya Kenya ili wananchi wajitazame wenyewe. Mimi sijafanya kazi kubwa kama hiyo. Ninachofanya ni kusafisha picha ndogo kila mwisho wa mwaka na kuzipeleka bondeni ndani ya bahasha zenye majina. Bibi mmoja aliyepoteza albamu yake yote kwenye mafuriko hana picha nyingine ya marehemu mumewe isipokuwa ile niliyompelekea, ambayo mzee anaonekana kwa mbali akikung'uta godoro. Aliiwekea fremu. Sikuwa nimeichagua picha ile siku ya kazi. Niliiona baada ya mwaka mzima, nikiwa natafuta nyingine.

Kwa hiyo usihamie Dar es Salaam bado. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, nawe unaishi katika mji ambao kituo chake cha mabasi cha Msamvu kimelisha watu wengi sana kwa ndizi, karanga, maji na mahindi ya kuchoma yanayopitishwa madirishani. Ni wauzaji gani bado wapo pale, ni gani wamehamia kwenye stesheni mpya, na wanaruhusiwa kufika wapi? Hiyo ni habari isiyo na siku ya mwisho ya kuiwasilisha, inafikika kwa bajaji, na hakuna mpiga picha wa Nairobi au London anayeweza kuirudia kila wiki kama wewe. Chagua wauzaji watatu, si thelathini. Wafuate tangu wanapopanga bidhaa alfajiri hadi wanapohesabu mauzo usiku, na uwafuate siku ambayo hawakuuza chochote. Fanya hivyo kwa miezi sita, kati ya harusi na harusi, kisha nitumie picha ishirini zenye maelezo kamili, nami nitazipitia pamoja nawe moja baada ya nyingine. Siku ya kwanza nenda bila kuitoa kamera mkobani. Nunua karanga, kaa kwenye benchi, uulize majina.